Hendeli ya Kuazima

Vijana wa kijiwe cha Chang'ombe, siku mliyoniaga mlininunulia soda, mkaniambia, "Mzee Mashine, sema neno." Nikasema asanteni, nikaketi. Mkacheka, mkidhani nimezidiwa na machozi. Sikuzidiwa. Neno nililokuwa nalo lilikuwa refu kuliko soda, na mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Sasa niko nyumbani, Bahi. Mgongo umekataa zege na muda ninao. Naandika kwa mkono, binti yangu ataipiga picha karatasi hii na kuwatumia kwenye simu, nanyi mtavumilia mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la tano.

Kilichonisukuma kuandika ni Baraka. Mnamjua, yule fundi rangi ambaye kampuni yake ilifunga kazi na kuwaacha wote nje ya geti. Siku ile ile ya soda alinivuta pembeni akaniuliza, "Mzee, mtu akishapoteza kazi anaanzaje tena?" Kabla sijafungua mdomo, mmoja wenu akadakia, "Anaanza kwa kukopa vocha." Mkacheka. Baraka hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anafikiri kupanda lori lolote litakalopita, liende popote, na mkewe atajua huko mbele. Nilimtazama nikajiona mimi. Baraka, haya nawaandikia wote, lakini wewe soma mara mbili.

Mimi ni mtu wa Chemba. Lugha ya mama yangu ina milio ya ulimi ambayo mlipenda kuiiga mkashindwa. Shule sikufukuzwa. Lilipita lori la wachimbaji wa visima, nami nikataka kujua maji yanatokaje ndani ya mwamba mkavu vile. Nikalifuata mpaka kijiji cha pili, kisha cha tatu, na mwalimu wangu nadhani bado ananiita jina kwenye mahudhurio. Baada ya visima nilibeba mizigo stesheni. Nilichemsha chumvi kwenye mbuga ya Bahi, ile ya kuchuja udongo na kuchemsha maji yake mpaka mtu mwenyewe anakauka. Nilifyatua matofali, nilivuna zabibu, nikawa utingo wa malori. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Nikishaielewa, miguu inaniwasha, asubuhi moja watu wanaamka hawanioni. Sikuwa na ugomvi na mtu. Nilikuwa tu naondoka.

Kijijini kwa mke wangu, hapa Bahi, nilifika nikiwa utingo. Tulileta mapipa ya dizeli ya mtambo wa maji, na tulipokuwa tunayashusha nikausikia mtambo wenyewe ukinguruma ndani ya kibanda chake cha bati. Mlio mzito, wa taratibu, kama mtu anayetwanga bila haraka. Nikaenda kuchungulia. Ndani alikuwamo Mzee Ndahani, mwendeshaji, na nikaanza kumuuliza. Hili ni nini, na lile ni nini, na kwa nini moshi ni mweusi ukianza na mweupe baadaye. Lori likapiga honi. Likapiga tena. Likaondoka.

"Gari lako limekwenda," Mzee Ndahani akaniambia.

"Nimelisikia."

"Unajua kupika uji?"

"Najua."

"Basi unaweza kulala hapa."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Asubuhi yangu ya kwanza alinipa hendeli, kile chuma kilichopindwa kama kiwiko ambacho mtambo wa zamani unazungushiwa ili uwake. Kabla sijaiingiza mahali pake akanionyesha mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kama ndoana. "Hiki alikila yeye," akasema, akiuelekezea mtambo kidevu. Akanifundisha. Wengi hushika hendeli kama wanavyoshika mpini wa jembe, vidole upande huu na gumba upande ule, vikikumbatiana. Mtambo ukiwaka vibaya hurudisha chuma nyuma kwa nguvu, nacho huondoka na gumba. "Gumba lilale na wenzake," alisema. Vidole vitano upande mmoja. Chuma kikirudi, mkono unafunguka wenyewe na unaendelea kuwa mkono.

Mengine aliyonifundisha yalikuwa ya namna hiyo. Unainua kile kishikio kidogo cha kupunguza pumzi ndani ya injini ili izunguke kwa wepesi, unazungusha mpaka gurudumu zito lishike mwendo, ndipo unakiachia. Unaweka kiganja kwenye mwili wa mtambo kila mara, kama mama anavyomgusa mtoto paji la uso. Dizeli huichuji kwa kitambaa chenye manyoya. Na mashine haigombwi, maana haina masikio, ila wewe unayo, kwa hiyo anayepaswa kunyamaza ni wewe. Mzee Ndahani alipochoka kazi nikabaki peke yangu, na alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Mtambo ule sikumaliza kuuelewa. Kila nilipodhani nimefika mwisho ulinionyesha kikohozi kipya. Nadhani ndiyo sababu nilikaa.

Sababu ya pili ni Sechelela. Kijiji kizima kiliishi kwa ule mlio. Mtambo ukinguruma, wanawake wanajua maji yanapanda tangini, wanaacha walichoshika na kubeba ndoo. Sechelela alikuwa anakuja wa mwisho, anasimama mlangoni pa kibanda na kusema, "Mashine yako leo inakohoa." Na kweli inakohoa. Nikapenda mtu anayesikia.

Baba yake, Mzee Chidawali, aliniita nyumbani kwake. Alikuwa mjumbe wa kamati ya maji, mtu wa maneno machache, mwenye ng'ombe wanaomtosha. Tuliposalimiana aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia. Akaniuliza kabla ya hapa nilikuwa wapi, nikamtajia. Na kabla ya hapo, nikamtajia. Akaendelea hivyo mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu.

"Ng'ombe wa mahari watakuja kwa miguu," akasema mwishoni. "Na wewe ulikuja kwa miguu. Wote mnaweza kurudi mlikotoka."

Kaka yake Sechelela, shemeji yangu Yona, alilifanya hilo wimbo wake. Kila akinikuta barabarani, "Ah, shemeji, bado upo? Nilijua basi la leo umelipata." Tukaoana, miaka ikapita, watoto wakazaliwa, na bado ananiuliza kama basi limenipita. Nilicheka. Lakini nilijua anachokisema kwa mzaha ndicho wanachokiogopa wote, na mimi mwenyewe nilikuwa nakiogopa.

Kisha ikaja sola.

Sina la kulalamika juu ya sola, na msiniwekee maneno mdomoni. Dizeli ilikuwa inatutesa. Waliokuja kufunga paneli walikuwa vijana wenye adabu, walinipa shikamoo na waliniuliza kisima kina tabia gani. Walifunga kazi yao vizuri. Siku waliyomaliza, mwenyekiti wa kijiji alinishukuru mbele ya watu, watu wakapiga makofi, na makofi yalipokwisha sikuwa na kazi. Nilirudi kibandani nikaufuta mtambo vumbi, nikautia mafuta sehemu zake zote, nikafunga mlango. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya kila jioni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nadhani lingetokea kwetu tu. Jua lilipanda, pampu ikasukuma, tangi likajaa likafurika, mbuzi wakanywa wakalala kivulini. Hakuna aliyekuja na ndoo. Wanawake walikuwa majumbani wanasubiri mlio. Wakaanza kusema hiyo mitambo mipya ni bure kabisa, haijaleta hata tone, wengine wakachukua ndoo kwenda kuchimba mchangani korongoni kama zamani, wakipita hatua chache tu kutoka kwenye tangi linalomwagika. Walikuwa wameona mbuzi wamelowa midomo na hawakujiuliza. Maji bila ngurumo hayakuwa maji.

Kamati ikakaa. Wakaamua litundikwe ringi la gari, ligongwe kila maji yanapofunguliwa. Na nani agonge? Wakanitazama. Nikagonga. Nilisimama pale na jiwe mkononi nikiwaita watu waje wachote maji ya ile sola iliyoninyang'anya nafasi, na ringi lile lilinigonga mimi kuliko nilivyoligonga. Baada ya muda kamati ikachagua mhudumu wa kufungua bomba na kutunza ufunguo, kazi ambayo kwetu hupewa mwanamke. Wakamchagua Sechelela. Nilimpa mkono wa pongezi. Kuanzia siku hiyo alikuwa anatoka asubuhi na ufunguo shingoni, na mimi nabaki.

Baraka, hapa unapajua. Mtu asiye na kazi hajui akae upande gani wa nyumba. Ukikaa mbele, kila apitaye anakusalimia kwa huruma. Ukikaa nyuma, ni kama umejificha. Chakula unakila polepole usionekane na njaa. Nilianza kwenda kibandani kila siku kuusugua mtambo usiowaka. Sechelela alinikuta huko siku moja, nikiwa nimeuzungusha kwa mkono bila dizeli, ili tu gurudumu lizunguke.

"Unausugua wa nini, baba Grace?"

"Usishike kutu."

"Wewe je?"

Nikalizungusha gurudumu tena. Akakaa juu ya pipa tupu. Akasema, "Nimeona unavyoitazama barabara. Kama unataka kwenda kutafuta kazi, nenda, nitakufungia chakula. Kama unataka kwenda kutafuta njia, ukae hapa tuone aibu pamoja."

Nilimwambia naenda kutafuta kazi. Lakini nilikuwa sijui kama nasema kweli, naye aliliona hilo. Akaenda kwa baba yake.

Kesho yake Mzee Chidawali alikuja na hendeli ya mtambo mkononi. Alikuwa ameiombea ruhusa kwa kamati. Sasa, kwa wasiojua, Wagogo, watu wa mke wangu, wana desturi ya kutunziana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake wachache akae nao. Maziwa ni yako, samadi ni yako, ng'ombe si wako. Unaweza kukaa naye miaka, na mwenye ng'ombe hakusumbui, anauliza tu habari zake mkikutana. Ng'ombe akifa, unapeleka ngozi, ili ijulikane hukumuuza. Ndivyo watu wanavyofungana hata bila ujamaa wa damu.

"Hii sikupi," mzee akasema. "Nakuazima, kama ng'ombe. Utakula kwa hii. Ukishiba, uirudishe kwa mkono wako, si kwa kumtuma mtu. Ikivunjika, lete vipande."

Nilipokea kwa mikono miwili. Yona alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, na kwa mara ya kwanza hakutaja basi.

Nikaja mjini Dodoma. Nilipata chumba Chang'ombe, na mwenye nyumba akanielekeza kijiweni. Mlikuwa hamjafika, wengi wenu. Lakini utaratibu ulikuwa huu huu. Kila mtu anasimama na kitu cha kazi yake, ili anayetafuta fundi aone bila kuuliza. Wa kupiga lipu ana mwiko, wa rangi ana brashi, wa mabomba ana kipande cha bomba, seremala ana msumeno. Mimi nikasimama na hendeli.

Waliokuwa pale walinizunguka. "Mzee, hiyo ni ya kuwashia nini?"

"Mtambo."

"Mtambo gani?"

"Wa maji. Kijijini kwetu."

"Bado upo?"

"Upo, ila hautumiki. Wameweka sola."

Mmoja akasema, "Kwa hiyo mzee anatafuta mtu mwenye jua bovu aliwashe." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao. Ilikuwa na ukweli.

Siku zilikwenda. Waliokuwa na mwiko walichukuliwa, waliokuwa na brashi walichukuliwa. Kwangu walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu. "Kilo ngapi hiyo?" Mama mmoja aliyetafuta mtu wa kubomoa ukuta alinitazama, akaitazama hendeli, akavuka barabara. Niliambiwa baadaye alidhani mimi ni mtu wa kukodiwa kudai madeni. Ningeweza kuiacha chumbani nikasimama mikono mitupu, na wengi walinishauri hivyo. Sikuweza. Mtu hakai na ng'ombe wa watu halafu akamwacha peke yake chumbani.

Ndipo likaja lori. Lilisimama ng'ambo ya kijiwe mchana, limejaa magunia, na dereva akashuka kununua maji. Utingo wake alikuwa ameugua njiani. Akauliza kama kuna anayeijua kazi hiyo. Nilikuwa nimekwisha simama kabla hajamaliza kuuliza. Nilijua hatua za ngazi ya lori kama mlango wa kwetu. Nikapanda, nikakaa, nikanusa ule mchanganyiko wa dizeli, jasho na maganda ya machungwa, na miguu yangu ikaacha kuwasha kwa mara ya kwanza tangu sola. Tunaenda wapi sikuuliza.

"Chuma hicho kitupe nyuma ya kiti," dereva akasema. "Ni chako?"

"Cha kuazima."

"Basi utakirudisha tukirudi."

"Tunarudi lini?"

Akacheka. "Mzee, lori lina kurudi? Linakwenda tu."

Injini ilikuwa inawaka. Niliikumbatia hendeli. Kama ingekuwa yangu, ningeiweka nyuma ya kiti, na leo msingekuwa mnasoma haya. Ilikuwa nzito tu kuliko siku zote. Niliwaza kwamba lazima kwanza niipeleke Bahi, kisha ndipo niondoke. Na nikajua kwamba nikifika Bahi kuirudisha, nitakuwa nimefika Bahi.

"Nishushe," nikasema.

"Unashuka kwa sababu ya chuma?"

"Kwa sababu ya mwenye chuma."

Alinitazama kama ninavyodhani mnavyoitazama karatasi hii. Nikashuka, lori likaenda, na kijiwe kizima kikaniona nimesimama kwenye vumbi lake. Hakuna aliyenitania. Nadhani kila mmoja pale aliwahi kulitazama lori kwa namna ile.

Kazi haikuja siku hiyo wala iliyofuata. Nawaambia hili kwa sababu mtu akisimulia baadaye huonekana kama mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguka papo hapo. Kati ya mlango na mlango kuna korido ndefu, na haina taa. Nilikula mara moja kwa siku. Nilimpigia Sechelela nikamwambia niko salama, naye akaniuliza, "Na ng'ombe?" Nikasema hajambo. Ikawa ndiyo salamu yetu.

Mama Neema ndiye aliyenichukua. Mnamjua nyote, ila mnamjua sasa akiwa na mashine zake. Wakati huo alikuwa na kikundi cha watu wa zege na mashine moja ya kuchanganyia, na kazi za ujenzi wa mji wa serikali kule Mtumba zilikuwa zimeanza kupamba moto. Alikuja kijiweni akitafuta wabeba ndoo. Akapita mbele yangu, akarudi nyuma. Hakuitazama hendeli. Aliutazama mkono wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Gumba lako mbona halijafunga?"

Nikautazama mkono mwenyewe. Hata nikiwa nimesimama tu, kwa miezi yote ile, nilikuwa nimeishika hendeli vile Mzee Ndahani alivyonifundisha, gumba limelala na wenzake. Nikamweleza.

Akaguna. "Mashine yangu imekwishavunja vidole vya watu wawili. Wote walikuwa na vyeti vya kunionyesha. Wewe panda gari."

Nilipofika Mtumba nikagundua hendeli yangu haiingii kwenye mashine yake. Tundu lilikuwa dogo, na mashine ilikuwa na hendeli yake. Kwa hiyo jueni kwamba chuma nilichokibeba kunitafutia kazi hakikufanya kazi hata siku moja. Nilikiweka chini ya kitanda, nikikitoa Jumapili kukipaka mafuta.

Zege mnalijua, sitawafundisha. Nitasema machache ya wageni. Maji kidogo hutangulia kwenye pipa, kisha kokoto, ili pipa lijisafishe lenyewe kabla ya saruji. Pipa lioshwe kabla ya kula, si baada, maana tumbo likijaa mtu hupenda kusamehe. Na slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, ikianza kumwagwa haisimami. Ukisimama katikati, zege la mwanzo linaganda peke yake na la mwisho peke yake, na pale yanapokutana panabaki ufa usioonekana mpaka mvua ije kuuonyesha.

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa ya slabu moja kubwa, watu wamejipanga ngazini wakipokezana ndoo, wanawake kwa wanaume, na wimbo umekolea. Mashine ikanyamaza. Nilifungua nilichoweza kufungua. Nilisafisha, nikapuliza, nikazungusha, nikaweka kiganja nikasikiliza. Hakuna kitu. Ile haikuwa mashine ya Mzee Ndahani na sikuielewa. Juu kabisa mafundi walikuwa wanapiga kelele zege linaanza kuganda. Mama Neema alinitazama, nikatikisa kichwa. Hakuuliza mara ya pili.

"Chukueni machepe," akasema. "Tunachanganya chini."

Nilikuwa wa kwanza kuchukua chepe. Tulikoroga kwa mikono juu ya mabati, jua lote la mchana, ngozi za viganja zikabaki kwenye mipini. Slabu haikusimama. Jioni yake nilikaa chini nikashindwa kufunga ngumi, na nikawaza kwamba kwa miaka mingi nilijiita mtu wa mtambo. Siku sola ilipokuja niliona nimemalizika kwa sababu mtambo umemalizika. Na hapa mtambo umezima mbele ya macho yangu na mimi bado nimefanya kazi mpaka jioni. Sikufurahi. Nilichoka mno kufurahi. Nililiona tu.

Kila nilipokwenda nyumbani, Mzee Chidawali alikuwa ananiuliza kwanza, kabla hata ya habari za mjini, "Ng'ombe wangu hajambo?" Namjibu hajambo, mzee. "Anatoa maziwa?" Anatoa kidogo. "Basi endelea naye." Hakuniambia kamwe nimrudishe, na mimi sikumrudisha. Alipofariki nilikwenda na hendeli msibani. Yona akanizuia. "Shemeji, ng'ombe wa marehemu harudishwi msibani. Kaa naye. Utakuja siku umeshiba."

Basi mwaka huu nimeshiba, au mgongo ndio umeshiba. Siku ya tatu baada ya soda yenu nilishuka Bahi na hendeli kwenye mfuko wa saruji. Yona alikuwa amekaa nje kwake, amezeeka kama mimi. Nilimpa kwa mikono miwili. Akaipokea, akaigeuza, akaikagua pande zote kama mtu anayemkagua ng'ombe aliyerudi kutoka mbali.

"Amekonda," akasema.

"Ametembea sana."

"Hana kidonda." Akaipima uzito mkononi. "Mtambo wenyewe waliuuza chuma chakavu zamani. Unajua?"

"Najua."

"Basi huna deni na mtu hapa, shemeji. Na basi la jioni bado halijapita."

Nikamwambia lipite tu. Akatazama pembeni kidogo, kisha akamwita dada yake, akampa hendeli. "Achana na jiwe," akamwambia. Sechelela bado ndiye mwenye ufunguo wa bomba, na ringi bado linagongwa, ingawa sasa hakuna asiyejua kwamba jua halina ngurumo. Watu wamezoea kuitwa.

Siku hizi yeye anafungua na mimi nagonga kwa hendeli. Gumba limelala na wenzake, ingawa ringi halirudishi mkono wa mtu. Nikigonga, milango inafunguka na ndoo zinatoka, na ringi lile haliniumi tena.

Baraka, swali lako sijalijibu na sidhani nitaweza. Ila nimeacha chepe langu kwa Mama Neema, lile lenye mpini wa mkwaju, na nimemwambia kijana wa rangi atakuja kulichukua. Usiseme wewe si mtu wa zege. Sikupi. Nakuazima. Utakula kwa hilo, na ukishiba utalileta Bahi kwa mkono wako, uje na mkeo. Likivunjika, lete vipande.